Fagio la Nje na Vifaranga wa Mama Neema

Kwanza naomba mniwie radhi kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea msumeno kuliko kalamu. Naandika polepole, naanza sentensi chai ikiwa ya moto, naimaliza imeshapoa. Ukikuta neno limekosewa, lisome vile unavyodhani nilitaka kusema, na huenda ukapatia.

Najua pia kwamba nasaha ni kazi ya wazee, na mimi bado sina ndevu za kutosha kunyoa. Lakini Mzee Ndahani, mwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Mkonze, ndiye aliyeniambia niandike. Alisema yeye ataendelea kulieleza jambo hili kwa mdomo mpaka achoke, ila mdomo wake haufiki mbali, na karatasi inafika. Yeye hutuita sote "mwanangu". Mimi sithubutu kukuita hivyo. Nitakuita mdogo wangu, wewe unayeingia kwenye kazi ya mbao, au kazi nyingine yoyote uliyoikuta na taratibu zake.

Nakumbuka asubuhi ambayo mama mmoja aliingia karakanani kwetu, hakumsalimia mtu, akaweka ungo juu ya meza ya Mzee Ndahani.

Pengine wewe huoni ajabu yoyote hapo. Ngoja nikueleze meza ile. Ni ya mninga, nene, imechakaa pembeni lakini juu imenyooka kama maji yaliyotulia. Juu yake huwekwa kazi tu. Hapawekwi kikombe, hapawekwi kofia. Mteja akisahau akaweka simu yake, Mzee huichukua kwa mikono miwili na kumrudishia mkononi, kwa adabu kabisa, kisha hupangusa pale simu ilipokaa. Mimi nilipoanza kazi niliwahi kuegemea kwa kiwiko tu, na mafundi wote wakageuka kunitazama.

Karakana nzima ilikwenda hivyo. Randa hailazwi kwa uso wake, inalazwa ubavu. Patasi zina matundu yake kwenye ubao, kila moja na lake, na makali yanatazama chini. Misumeno hutundikwa meno yakielekea ukutani. Ukitoa kitu unakirudisha kabla hujanywa maji. Tuliyafanya yote haya bila kufikiri, kama mtoto anavyosema sala aliyofundishwa na bibi yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na Mzee hakuwa mtu wa maelezo. Akikukataza kitu alisema ni mwiko, akaendelea kupiga randa.

Mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa wa fagio.

Tulikuwa na meza mbili. Hiyo ya mninga ndani, na nyingine nje chini ya bati, karibu na uzio wa minyaa. Ya nje ilikuwa ya kukatia mbao za paa. Wewe kama umekulia hapa Dodoma unawajua mchwa wetu. Wanaweza kula fremu ya mlango yote wakaacha rangi imesimama peke yake, ukigusa kidole kinaingia. Kwa hiyo watu wanaojenga hununua mbao zilizoloweshwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, na sisi tunazikata na kuziranda kule nje. Kule nje kulikuwa na fagio lake, mpini umefungwa kitambaa cheusi. Maranda yake yaliingia shimoni nyuma ya uzio na kufukiwa. Hata kuyachoma moto Mzee alikataza. Maranda ya ndani, yale meupe ya mbao za kawaida, yalifagiwa kwa fagio la ndani na kutiwa kwenye viroba.

"Fagio la nje halivuki mlango," alituambia. "Ni mwiko."

Kulikuwa na fundi mmoja, Rajabu, mkubwa kwangu kwa umri na kwa mkono. Ni mtoto wa Majengo, ukoo wao umefanya biashara pale mjini tangu enzi za mababu zao. Kiungo cha mbao akikiunganisha yeye, ukipitisha ukucha husikii mwanya. Ana maneno mengi na mzaha mwingi, na mwiko wa fagio ulimpa raha sana. Siku moja alimuuliza Mzee kama mashetani wa lile fagio ni wa Kigogo au wametoka pwani.

"Likivuka mlango utawajua," Mzee akajibu bila kuinua kichwa, na sote tukacheka, Rajabu kuliko wote.

Mwenye kuchukua viroba vya maranda alikuwa Mama Neema, jirani yetu. Zamani alikuwa akikaanga maandazi kando ya barabara, lakini moshi ulimharibu kifua, ikawa akipuliza moto anakohoa mpaka anashika ukuta. Mumewe alipofariki alimwachia mbuzi. Akawauza wote, akajenga banda, akanunua vifaranga. Alituambia wakikua na kuanza kutaga, hatarudi tena kwenye jiko la kuni maisha yake yote. Hicho ndicho alichokuwa anakitegemea, mdogo wangu, hakuwa na kingine. Kila maranda ya bandani yalipolowa alikuja kuchukua makavu ya kuwatandikia, na kila alipokuja alimsalimu Mzee kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye Mzee, hata kama msumeno ulikuwa katikati ya mbao, aliusimamisha akaitikia.

Sasa ikatokea msiba kule Chamwino, Mzee akaenda kuzika. Alimwachia Rajabu karakana. Siku hiyohiyo alitarajiwa mteja anayejenga nyumba kubwa, aje aone milango yetu, na akiipenda atupe kazi ya nyumba nzima. Mimi nilitumwa Majengo kununua bawaba na skrubu.

Niliporudi na bajaji nilidhani dereva amenishusha kwa watu wengine. Ua ulikuwa umefagiwa mpaka unaona mistari ya fagio kwenye vumbi. Vipande vya mbao vimepangwa kwa urefu. Lile rundo la maranda lililokuwa kando ya shimo likingoja kufukiwa halikuwepo. Chini ya meza ya mninga hapakuwa na hata unywele wa randa. Nilishangaa, nikasimama getini na mfuko wangu wa bawaba. Rajabu alikuwa ameketi kwenye kigoda, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Dogo, hapa leo hata waziri akija anakaa chini," akaniambia.

Mteja alikuwa ameshakuja na kuondoka. Alisifu usafi kabla hajasifu milango. Rajabu akanieleza jinsi alivyofanya kazi ile peke yake. Fagio la nje ndilo pana, kwa hiyo alilitumia kote, nje na ndani. Akacheka akisema amelivusha mlango mara nyingi tu na bado yupo, hajaota pembe. Kisha akaniambia jambo lililompendeza zaidi. Mama Neema alipita, na yeye akamjazia viroba vingi kuliko alivyowahi kupata, maana yale maranda ya nje ni marefu na laini, na yanafukiwa ardhini bure wakati mama wa watu anayahitaji.

Nilimsifu. Nilisema amefanya vema. Na wewe ungekuwepo ungesema hivyo, kwa sababu kwa jicho la mtu yeyote ilikuwa kazi nzuri na moyo mzuri.

Mzee alirudi kutoka msibani amechoka. Aliangalia ua, akakohoa kidogo, akasema pamependeza. Hakuuliza zaidi. Rajabu akanikonyeza.

Basi ndiyo ikaja ile asubuhi ya ungo. Kulikuwa na upepo, ule upepo wetu unaookota vumbi barabarani na kulimwaga kwenye vanishi mbichi, kwa hiyo tulikuwa tumefunga mlango mmoja. Mama Neema akausukuma kwa bega. Mzee akanyanyuka kidogo kwenye kigoda, akamwahi kwa salamu. Yeye hakuitikia. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akaweka ungo uliofunikwa kanga, pale ambapo hapawekwi hata kikombe.

Nilishtuka kwa ajili ya meza. Naona aibu kuandika hivyo sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa, moyo wangu ulidunda kwa sababu ya meza.

Kisha akafunua kanga.

Walikuwa wamejaa ungo mzima. Wamelala ubavu, miguu imenyooka, vidole vimekunjwa. Manyoya yao bado yalikuwa ya njano, na upepo ulipopenya chini ya mlango yakatikisika, nikadhani mmoja anapumua. Hakuna aliyekuwa anapumua.

Mama Neema alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu vitu vyake. Chanjo ya kideri amewapa. Maji amechemsha. Chakula ni kilekile cha siku zote. Kitu kipya bandani ni kimoja tu. Akatoa mfuko uliofungwa kiunoni mwake, akaumimina kando ya ungo. Yalikuwa maranda yetu.

Mzee Ndahani alichukua machache, akayasogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akayasugua kwa kidole gumba. Akayanusa. Nimemwona mzee huyu akikatwa na msumeno wa mashine na kufunga jeraha mwenyewe akizungumza mambo mengine. Siku hiyo nilimwona anatafuta kigoda kwa mkono nyuma yake, na hakukipata, akabaki ameinama nusu.

"Nani alifagia nje nilipokwenda msibani?" akauliza.

"Mimi, mzee," Rajabu akajibu kutoka kule nyuma. Alikuja akipangusa mikono, na sauti yake bado ilikuwa na fahari, kwa maana hakuwa ameona mezani. "Mteja alikuwa anakuja, nikaona paonekane..." Akaona. Hakumaliza.

Mama Neema hakumtazama Rajabu. Alimtazama Mzee.

"Kuna nini kwenye haya?"

"Dawa ya mchwa. Yametoka kwenye mbao za paa."

"Na kuku akidonoa?"

"Anakufa."

"Ulijua?"

Mdogo wangu, mimi nilingoja aseme hapana. Nilikuwa na hakika atasema hapana. Nilidhani Mzee naye amejua dakika ile, kwa kunusa, kama fundi anavyojua mbao iliyooza.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kuja hapa."

Nilitazama viganja vyangu. Nilikuwa nimelishika fagio lile sijui mara ngapi, na mara nyingi nilitoka kulishika nikaenda kula, nikinawa kwa maji kidogo tu kwa sababu nina njaa. Mwenzangu mmoja pale kando naye akawa anatazama vya kwake. Sote tulidhani kule nje kuna mwiko. Kumbe kulikuwa na sumu, na kati yetu sote mmoja tu ndiye aliyelijua jina lake.

"Nachota maranda mlangoni kwako," Mama Neema akasema, "na sumu ipo hapo uani. Hukuniambia."

"Nilidhani fagio linatosha," Mzee akasema.

Hadi leo nalikumbuka jibu hilo. Hakulisema kwa kujitetea. Alilisema kama mtu aliyefungua sanduku lake mwenyewe akakuta halina kitu.

Kisha akauliza kama kuna waliobaki, na Mama Neema akajibu kwamba wapo, wamejikunja pembeni, na hapo ndipo miguu ya kila mtu ilipofunguka. Tulikwenda sote. Karakana ilibaki wazi, zana zimeachwa zilipo, randa ya Rajabu imelala kwa uso wake juu ya mbao na hakuna aliyejali. Tukawatoa vifaranga waliobaki na kuwaweka kwenye boksi la kadibodi kwa jirani. Tukakomba maranda yote bandani, tukaendelea kukwangua mpaka udongo mgumu, tukamwaga udongo mpya. Rajabu hakutaka koleo. Alikomba kwa mikono, na Mzee alipomkataza akavaa mifuko ya plastiki viganjani, akaendelea, hajui hata kama jasho au machozi ndiyo yanayomtoka.

Tulipokuwa tunasukuma udongo ule ndipo lilipotokea jambo lililonishtua karibu sawa na ungo. Rajabu alisimama, akamgeukia Mzee mbele yetu sote na mbele ya majirani.

"Mzee, mimi nimeua kuku wa mjane," alisema. "Nimekubali. Lakini ungesema ni sumu nisingegusa. Mimi si mtoto. Uliniambia mwiko, na mimi miko siiogopi, na ulijua siiogopi, nilikuwa nakucheka mbele yako."

Kijana hasemi hivyo kwa mzee. Kwetu hasemi, na Majengo pia hasemi. Nilishusha macho nikingoja kofi, au angalau amfukuze kazi palepale.

"Umesema kweli," Mzee akajibu.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatueleza, polepole, huku akijipangusa udongo vidoleni. Zamani alikuwa akieleza kila kitu. Alikuwa na vijana wengine kabla yetu, akawaambia mbao hizi zina sumu. Basi mmoja akauliza ni nyingi au ni kidogo. Mwingine akasema mjomba wake anazikata kila siku na hajafa. Siku nzima ikaisha kwa mabishano. Akachoka.

"Nikisema sumu, kijana anataka kupima," alisema. "Nikisema mwiko, anaogopa na kazi inaendelea. Nikaona hofu ni nyepesi kuliko maelezo. Sikufikiri kwamba atakuja mtu asiye na hofu. Tena mwenye moyo mzuri."

Kisha akamwambia Rajabu, na maneno haya ameniruhusu niyaandike kama yalivyo: "Wewe mwanangu umefagia. Mimi ndiye niliyeiacha sumu bila jina. Usiondoke kwa ajili ya kosa langu."

Maana Rajabu alikuwa ameshaanza kufunga zana zake moyoni, na Mzee aliliona hilo.

Kesho yake hatukufanya kazi. Mzee alitusimamisha katikati ya karakana na kupita kwenye kila kitu, akitaja sababu. Randa inalazwa ubavu kwa kuwa makali yake yametokeza chini, ukiilaza kwa uso inagusa chuma au msumari uliojificha, na ukirudi unakwangua mbao ya mteja bila kujua. Msumeno unaelekeza meno ukutani kwa kuwa njia ni nyembamba na mikono yetu inapita. Vitambaa vyenye mafuta ya kupaka mbao tunavitandaza kwenye waya, hatuvifinyi pamoja, kwa sababu vikibanana vinajipasha joto vyenyewe mpaka moto unawaka bila kiberiti. Hilo la mwisho lilitutoa jasho. Tulikuwa tunavitandaza kwa mazoea tu, na kuna siku za haraka tulikuwa tunavisukumia chini ya meza.

Na meza ya mninga? Alisema mchanga ulioganda chini ya kikombe au simu unakwaruza mlango wa mtu uliokwisha kupigwa msasa. Basi. Miaka yote nilidhani kuna marehemu fulani anaheshimiwa pale.

Tukafika kwenye mluzi. Mzee alikuwa ametukataza kupiga mluzi tukiwa tunakata mbao. Rajabu akauliza sababu yake.

"Hiyo sijui," Mzee akasema. "Fundi wangu alinikataza, nami nikawakataza ninyi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Mzee akasema tangu leo pigeni, tuone kitakachotokea. Mimi nilipiga mluzi siku iliyofuata na nikakata mbao ya fremu ikawa fupi, lakini nadhani ningeikata fupi hata bila mluzi.

Kitambaa cheusi kilitolewa kwenye fagio la nje. Mahali pake, kwenye kibao juu ya lile shimo na kingine juu ya meza ya nje, Mzee aliniamuru nichore kwa rangi nyekundu kuku aliyelala miguu juu, na niandike: SUMU. Kuku wangu anafanana zaidi na birika, lakini hakuna aliyemcheka.

Huenda unauliza habari za Mama Neema. Waliobaki hawakutosha hata kujaza boksi lile, na baadhi yao walikufa kabla ya Jumapili. Mzee alimpelekea mbuzi jike wake mwenyewe, mwenye mimba, na sisi mafundi tukamjengea banda jipya lenye sakafu ya mbao, kwa muda wetu, bila yeye kutuomba. Mbuzi alimpokea. Banda alilipokea. Mzee alipotaka kusema maneno ya kuomba msamaha, Mama Neema aliinua mkono, akamwambia si sasa. Siku kadhaa baadaye nilimwona kando ya barabara, amerudi kwenye jiko, anapuliza kuni huku ameshika kifua. Nilipita upande wa pili.

Alipopata vifaranga wengine alitandika nyasi kavu. Tulijua kwa sababu tulimwona anazibeba, na akapita karibu na viroba vyetu vilivyojaa bila kugeuza shingo. Mzee alisimamisha msumeno kama zamani, akamsubiri amsalimie. Alipita.

Ikawa hivyo msimu mzima wa mvua. Nyasi zikaloa, kila mahali kukawa na unyevu, na vifaranga hawapendi unyevu. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni kwetu, hajavuka. Mzee hakuwepo. Nilitaka kuita mtu mwingine, lakini yeye alikuwa ameshamwona Rajabu akipiga randa, na akamwita kwa jina.

"Rajabu. Haya yametoka wapi?"

Alikuwa ameweka mguu wake kwenye kiroba kimoja. Rajabu aliacha randa, akailaza ubavu, akaja. Hakujibu akiwa amesimama. Alipiga magoti, akafungua kiroba, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa maranda ya chini kabisa na kuyaweka kwenye mwanga. Akamwambia ni ya mbao ya kawaida, ya milango miwili iliyorandwa jana kwenye meza ya ndani, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyeranda, na yeye mwenyewe aliyefagia, kwa fagio la ndani. Akamwonyesha fagio. Akamwonyesha lile shimo kule nje, na kuku wangu anayefanana na birika, akamsomea neno lililoandikwa. Sijawahi kumsikia Rajabu akiongea muda mrefu hivyo bila mzaha.

Mama Neema alichukua maranda yale mkononi mwake, akayanusa kama Mzee alivyonusa. Kisha akatazama mikono ya Rajabu.

"Nibebee," akasema.

Rajabu akakitia kiroba begani, akamfuata mpaka bandani. Na tangu hapo kila anapokuja anauliza swali lilelile, hata kama ametuona kwa macho yake tukifagia, na yeyote aliye karibu anaacha kazi, anaingiza mkono mpaka chini, anamjibu. Hatuoni kuwa anatusumbua. Mzee anasema siku atakayoacha kuuliza ndiyo siku ya kuogopa.

Sasa nikuambie nilichotumwa kukuambia.

Mdogo wangu, utaingia kwenye kazi utakuta kanuni. Zifuate, lakini uulize sababu. Usiulize kwa dhihaka kama tulivyofanya sisi, maana dhihaka inamfunga mzee mdomo. Muulize wakati amepumzika, kwa adabu, na kama ni lazima urudie kesho. Kabla hujasafisha mahali palipo pa mwenzako, jua kila kitu kimewekwa pale kwa nini. Mahali panaweza kung'aa na bado pakaua. Na ukiona kitu kinatupwa ukakihurumia, tafuta kwanza kujua kwa nini kinatupwa, ndipo umpe mtu.

Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, usimpe kijana hofu badala ya maelezo. Mpe sababu, na kama huijui, sema huijui. Waambie pia wasiofanya kazi kwako lakini wanachukua kitu mlangoni kwako, kwa sababu hao hawajui hata hiyo miko yako.

Mungu akulindie vidole vyako vyote kumi, akupe mbao iliyonyooka na mteja mwenye subira. Akupe mkubwa asiyechoka kuulizwa, na akufanye uwe hivyo kwa watakaokuja nyuma yako. Na kile unachokitoa mlangoni kwako kikamfikie mtu salama.

Nami nina ombi. Niandikie. Niambie huko uliko mnafuata kanuni gani ambayo hakuna anayejua sababu yake, na kama umeshamuuliza mkubwa wako, alikujibu nini. Usiogope mwandiko mbaya; wangu umeuona. Nitaisoma barua yako polepole, kisha nitamsomea Mzee Ndahani kwa sauti, karakana nzima ikisikia.